Kijana Adaiwa Nini?

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa na wakuu wa nchi za bara letu mwaka 1990, una kifungu kimoja kisichopatikana katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa uliotangulia mwaka 1989. Ni kifungu cha 31. Mkataba wa Umoja wa Mataifa una vifungu 54, nao wataja kwa urefu yale yampasayo mtoto kupewa na wazazi, na serikali, na watu wote; wala hakuna kifungu humo kimwekeacho mtoto mwenyewe deni lolote. Ule wa Afrika wasema kwamba mtoto naye ana wajibu: kwa jamaa yake, kwa watu anaokaa nao, kwa nchi yake, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 ilifuata njia hiyo hiyo. Kifungu chake cha 15 chamtaka mtoto awaheshimu wazazi na wakubwa, awasaidie wakiwa na haja, na autoe uwezo wake wa mwili na wa akili kuwatumikia watu wa kwao.

Wako watu, tena wenye elimu na nia njema, wasiokipenda kifungu hicho. Husema: mpeni mzee wa Kiafrika neno moja tu la sheria lisemalo kwamba mtoto ana wajibu, naye atamtwika gunia mpaka mgongo umpinde. Hofu hiyo si ya bure, na huko mbele tutairudia. Walakini sisi twadhani waliokiandika kifungu hicho waliona jambo la kweli ambalo wenzao hawakuliona, au waliliona wakaogopa kulisema. Binadamu asiyedaiwa na mtu hana mtu. Mtoto anayehesabiwa kuwa mpokeaji tu, siku zote mpokeaji, amefanywa mgeni katika nyumba ya baba yake. Maana mgeni ndiye aletewaye maji ya kunawa asiulizwe yametoka wapi.

Basi swali letu juma hili si kama kijana ana deni kwa wenzake. Swali ni gumu kuliko hilo. Deni lenyewe hakulikopa. Hakuulizwa kama ataka kuzaliwa Tabora au Songea, kwa baba huyu au yule, katika mtaa wenye kisima au usio na kisima. Yawezekanaje mtu alikubali kwa moyo wake deni ambalo hakuliomba? Na sisi wazazi, walimu na walezi, twawezaje kumsaidia alikubali, maadam jambo la moyoni haliingizwi kwa fimbo?

Wazee wetu wana methali iliyozoewa: Samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni kweli kwa mtoto mdogo. Mtoto wa miaka minne hufundishwa kusalimu, kupokea kwa mikono miwili, na kumpisha mkubwa kitini, wala hangoji kuelezwa sababu. Sababu zitamjia baadaye, zikiukuta mwili wake umekwisha kuzoea. Lakini linapokuja jambo la vijana, wengi wameifasiri methali hii vibaya, tena kwa namna mbili. Wa kwanza hudhani kwamba mtoto afikapo miaka kumi na minne samaki amekwisha kauka, hakuna la kufanya tena. Basi humwacha, au humpeleka shule ya bweni ili wengine wajaribu kumkunja. Wa pili hudhani kijana wa miaka kumi na sita bado ni samaki mbichi. Huendelea kumkunja kwa nguvu, nao hushangaa akiwavunjikia mikononi. Wote wawili wamesahau kwamba samaki hajikunji. Samaki aliyekunjwa na mpishi hana sifa kwa kukunjwa kwake. Kijana atakuwa mtu wa kutegemewa siku ile atakapojikunja mwenyewe, na hakuna awezaye kumfanyia kazi hiyo.

Fumbo hili ni la zamani sana. Aristotle, yule mwenye hekima wa Ugiriki aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika katika kitabu chake cha maadili kwamba kama vile mtu awavyo mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, ndivyo mtu awavyo mwenye haki kwa kutenda ya haki. Kisha akajiuliza mwenyewe: yawaje? Mtu atendaye haki si amekwisha kuwa mwenye haki? Jibu lake lastahili kusomwa na kila mzazi. Alisema, mtu aweza kutamka au kuandika neno sawasawa kwa bahati tu, au kwa kuwa mwingine amemwongoza. Lakini hawi mjuzi wa lugha mpaka afanye hivyo kwa ujuzi ulio ndani yake mwenyewe. Kadhalika tendo jema. Ili liwe lake kweli, yapasa mtu ajue alitendalo. Alichague kwa ajili yake lenyewe. Tena awe thabiti, asiwe mtu wa leo hivi, kesho vile.

Mkono wa mwalimu, basi, ni wa lazima mwanzoni, na ni wa lazima uondolewe. Mwalimu asiyeshika kabisa na mwalimu asiyeachia kamwe, wote wawili hawapati mwandishi. Aristotle huyo huyo alisema pia kwamba kijana si msikilizaji afaaye wa mafundisho juu ya mambo ya mji, kwa kuwa hana mazoea ya maisha na hufuata tamaa zake. Wazee wengine hulipenda sana neno hilo, wakalitumia kuwafukuza vijana barazani. Sisi twaliona kwa njia nyingine. Ikiwa ugonjwa ni kukosa mazoea, dawa yake ni kupewa mazoea. Hotuba haziwezi kuwa dawa ya ugonjwa huo, hata zikiwa nzuri namna gani. Wala tahariri, mtu aweza kutuambia, na hatutabishana naye.

Tutazame sasa tunavyowapa vijana mazoea hayo. Katika shule nyingi za nchi hii, mwanafunzi aliyechelewa hupewa kufagia uwanja. Aliyepiga kelele darasani hupelekwa kuchota maji. Mwenye kosa kubwa zaidi huosha vyoo, au hufyeka majani nyuma ya mabweni, au huchimba shimo la taka. Walimu hufanya hivyo kwa kuwa yafaa kuliko viboko, nasi twakubali kwamba yafaa kuliko viboko. Lakini tuziangalie kazi zenyewe. Kufagia, kuchota maji, kusafisha choo, kufyeka, kuchimba: hizi ndizo kazi ambazo kwazo watu waweza kukaa pamoja pasipo kuugua na pasipo kuumwa na nyoka. Ndizo huduma za kwanza za kila kijiji. Nasi tumezitwaa zote tukazifanya kuwa adhabu. Na mwanafunzi mwema hutuzwa nini? Hutuzwa kwa kusamehewa kazi.

Hivyo mtoto husoma somo ambalo halimo katika mtaala wowote, wala hakuna mwalimu aliyekusudia kumfundisha, naye hulishika kuliko hesabu na jiografia: ya kuwa mtu mwema ni yule ambaye wengine humfanyia kazi. Baada ya miaka ishirini twamkuta ofisini, akipita mbele ya mfagiaji bila kuitikia salamu, nasi twauliza ni wapi alipoupata ukatili huo. Kama kufagia ni malipo ya kosa, yule mama afagiaye barabara ya mji alfajiri amekosa nini?

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, lililotolewa mwezi Machi 1967, alitaka kila shule iwe jumuiya ya kweli yenye shamba au karakana yake; kazi na masomo viwe kitu kimoja; na wanafunzi wenyewe washiriki katika kuamua na waone faida ya jasho lao. Watu walilishika jembe, wakausahau uamuzi. Katika shule nyingi shamba likawa mahali pa kupeleka watoto, na mahindi yakishavunwa hawakuambiwa yamekwenda wapi. Kijana alimaye bila kuulizwa kipandwe nini, na bila kuonyeshwa hesabu ya mavuno, amesoma yale ayasomayo kibarua. Tofauti ni kwamba kibarua hulipwa. Twaamini kwamba sehemu ile iliyosahauliwa ndiyo iliyokuwa roho ya jambo lenyewe.

Liko tukio jingine la miaka ile ile ambalo hukumbukwa nusu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wahitimu wa vyuo na wa masomo ya juu walitumikie kwa lazima miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara wao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga, na mojawapo ya mabango yao lilisema kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Rais aliwafukuza wanafunzi karibu 400, wakarudishwa makwao. Wengi wao walipokelewa tena baadaye. Ukali huo watu wanaukumbuka. Wasichokumbuka sana ni kwamba katika maneno yale yale ya siku ile Rais alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Vijana wale walikuwa wamemwambia, kwa adabu mbovu lakini kwa maana iliyo wazi, kwamba wakubwa wanaishi vizuri huku wakiwahubiria wadogo kujinyima. Alikataa dai lao, akaikubali hoja yao.

Sisi twaona kwamba hapo alikuwa mlezi kweli. Kijana ana pua kali kwa unafiki. Baba amwambiaye mwanawe aende kwenye usafi wa mtaa, huku yeye mwenyewe akibaki kitini na kutoa visingizio kwa balozi, amemfundisha namna ya kutoa visingizio. Utumishi wa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa ulisimamishwa mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013, na bado watu hujadiliana kama muda wake watosha. Hatuna neno juu ya muda. Kambi ya miezi michache yaweza kumfundisha kijana kuamka mapema na kula pamoja na watu wa makabila yote, nalo si jambo dogo. Bali haiwezi kujenga kwa miezi michache kile ambacho nyumba haikukianza kwa miaka kumi na minane.

Tukiyatazama ya zamani, si kwa kuyalilia. Huko Rungwe, kaskazini ya Ziwa Nyasa, walikaa katika miaka ya 1930 wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, wakichunguza maisha ya Wanyakyusa. Kitabu cha Monica Wilson kilichochapwa mwaka 1951 chaeleza desturi ambayo haina mfano mwingi duniani. Wavulana wafikapo miaka kumi au kumi na mmoja walitoka nyumbani kwa baba zao, wakajijengea vibanda pembeni mwa kijiji, wakalala huko na wenzao wa rika moja. Vibanda vile vilikua pamoja nao, mpaka vikawa kijiji kamili chenye wake na watoto. Wakiwa bado wavulana hawakupika huko. Waliendelea kulima mashamba ya baba zao, na chakula walikwenda kula kwa mama zao. Wala hakuna aliyekwenda peke yake, bali walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kula pamoja na kuzungumza vizuri na wenzako kulihesabiwa kuwa sifa kubwa ya mtu.

Hatutaki kurudi huko. Wasichana hawakuwa na kijiji chao katika mpango ule, na wengi waliposwa wangali watoto. Lakini tuone walichofanya wazee wale. Hawakuwapa wavulana mchezo wa kijiji, waliwapa kijiji. Paa lililoezekwa vibaya lilivuja kweli, na aliyelala chini yake alilowa kweli. Mwenye ugomvi na wenzake alikaa na ugomvi wake usiku kucha, hakuwa na chumba cha mama cha kukimbilia. Hapo ndipo deni lilipokubaliwa bila kuhubiriwa, kwa kuwa kijana aliona kwa macho yake kwamba asipotimiza sehemu yake kuna mtu aumiaye, na mtu huyo ana jina.

Leo kijana wa mjini hupewa nini kilicho cha kweli namna hiyo? Tuuchukue msiba, maana msiba ulikuwa chuo kikuu cha mtaa. Jirani akifa, vijana walikuwa na kazi zao zijulikanazo: kupeleka habari kwa jamaa walio mbali, kuleta kuni, kuchota maji, kuazima mabenchi na sufuria nyumba kwa nyumba, na kuchimba kaburi. Kaburi lilichimbwa na vijana chini ya uongozi wa mzee mmoja au wawili. Kijana wa miaka kumi na sita aliyeupokea mchi wa kuchimbia mkononi mwa mtu mzima aliyechoka, hakuhitaji tena mtu wa kumwambia kwamba amekuwa mtu mzima. Alishuka shimoni akiwa na jirani zake, akaona kina chake, akajua kwamba siku moja wengine watamchimbia yeye. Na siku ya pili au ya tatu, alipozunguka kurudisha sufuria, kila moja na alama yake ya rangi chini, alijifunza nani huazima kwa moyo mweupe na nani huhesabu vifuniko. Elimu hiyo haipatikani kitabuni.

Sasa mahema na viti hukodiwa. Mpishi hukodiwa. Katika miji mingi hata wachimbaji wa kaburi hulipwa. Kijana yuko shuleni au kwenye masomo ya ziada, na baba hutuma rambirambi kwa simu. Viti vya plastiki havina kosa, wala hatuwalaumu watu wa miji mikubwa, ambako makaburi yako mbali na majirani hawajuani kwa majina. Twasema tu kwamba kijana huyo amefundishwa ya kuwa kifo cha jirani ni jambo la fedha. Na kwa kuwa fedha ni za wazazi, yeye hausiki. Maporomoko ya tope yalipoiangukia Katesh, wilaya ya Hanang, mwezi Desemba 2023, yakaua watu zaidi ya 80, vijana wa nchi nzima walituma maneno ya huzuni, na wengine walichanga. Walifanya vema. Lakini huruma kwa aliye mbali haikuombi Jumamosi yako. Mgonjwa wa nyumba ya tatu aiomba.

Hapa wazazi hutujibu kwa neno moja zito: Asome kwanza, hayo mengine atayakuta mbele. Hatulidharau neno hilo, maana limetoka katika upendo na katika hofu. Mtihani wa kidato cha nne huwatenganisha watoto kama chekeche, na mzazi aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya mwanawe hataki kusikia kwamba usiku wa kujisomea umetumika kuosha vyombo. Lakini hilo “kwanza” lina ugonjwa: halina mwisho. Baada ya kidato cha nne ni cha sita, kisha chuo, kisha kutafuta kazi, kisha kujenga. Twawajua vijana wenye miaka ishirini na minane ambao bado wako katika “kwanza”. Na mtu ambaye kila kitu kilisogezwa pembeni kwa ajili yake kwa muda wa miaka ishirini, hawezi kuamka asubuhi moja akajua kwamba yuko mtu mwingine wa kusogezewa kitu. Wengine wasema kazi za nyumbani zamharibia mtoto muda. Nusu saa ya vyombo haijamfelisha mtu. Saa tatu za simu, hizo hazitajwi.

Tena tuseme wazi, elimu yenyewe si mali ya kijana peke yake. Shule aliyosomea imejengwa kwa kodi ya mama muuza nyanya na kwa mchango wa watu ambao watoto wao hawakufaulu kuingia humo. Cheti chaweza kumpa mtu jina la daktari. Cheti hakimwamshi saa nane ya usiku mgonjwa afikapo. Kitakachomwamsha ni kitu alichokizoea zamani, pengine tangu siku zile alipokuwa akiamshwa kumfungulia mlango bibi yake.

Njia ni kumpa kijana jambo la kweli, kisha kuwa na uvumilivu wa kulitazama likiharibika. Yuko mzazi ampaye binti yake wa miaka kumi na tano fedha za sokoni za mwezi mzima. Binti ndiye anunuaye unga, mafuta, mkaa, na umeme. Tarehe 24 mafuta yamekwisha na fedha zimekwisha. Sasa hapa ndipo mahali pagumu kuliko pote katika malezi, na ndipo wazazi wengi washindwapo: mama ana fedha katika pochi yake, na moyo wamsukuma kuokoa. Asiokoe. Jamaa yote ile mchicha uliochemshwa kwa chumvi mpaka tarehe 31, bila matusi, bila kumkumbusha binti kila jioni, na baba ale mchicha huo pamoja nao badala ya kwenda kula hotelini. Mwezi ufuatao apewe tena fedha zile zile. Kama atanyang'anywa baada ya kosa la kwanza, amefundishwa kwamba alikuwa akijaribiwa tu, na kwamba nyumba haikuwa yake hata siku moja. Na mvulana apewe vivyo hivyo. Twalitaja hili kwa kuwa twajua wavulana hawapewi.

Tuliahidi kuirudia hofu ya wale wasiopenda neno wajibu litamkwe kwa watoto. Ni kweli kwamba chini ya jina la wajibu watoto wengi wameliwa. Msichana aliyeozwa ili mahari yake imsomeshe kaka yake aliambiwa kwamba ni wajibu wake kwa jamaa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu wasichana kuolewa kabla ya miaka kumi na minane, vyapingana na Katiba. Na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu hiyo. Wako waliosema kwamba mahakama imeingilia mila. Sisi twasema imetenga deni na wizi. Deni la kweli humkuza alipaye: alimaye kwa ajili ya nyumba hubaki mtu, tena mtu mkubwa zaidi. Dai limwondoalo mtoto katika utu wake, likamfanya kitu cha kubadilishana, halikuwa deni tangu mwanzo, hata likitamkwa na baba mzazi. Twapenda kijana afundishwe kujua tofauti hiyo, na apewe ruhusa ya kuisema kwa sauti mbele ya wazee.

Lakini hatuna haja ya kwenda mpaka mahakamani. Katika nyumba nyingi za wasomaji wetu wako vijana wawili wa umri mmoja. Mmoja ni mtoto wa nyumba. Mwingine ni msichana wa kazi, aliyeletwa kutoka kijijini akiwa na miaka kumi na mitano, pengine kumi na mitatu, huku sheria ya Tanzania ikikataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka kumi na minne, na ikiruhusu kwa mwenye kumi na minne kazi nyepesi tu isiyomzuia kusoma. Msichana huyo huamka kabla ya wote akachemsha maji ya kuoga. Hupiga pasi shati la shule la mvulana wa nyumba. Huosha kikombe alichokiacha mvulana huyo juu ya meza, hatua nne kutoka bombani. Jioni mvulana huketi kuandika insha juu ya haki za binadamu, na msichana humletea chakula karibu na daftari.

Wazazi wa nyumba hiyo hutuuliza kwa nini mwana wao hajali mtu. Watatafuta sababu katika simu, katika muziki, katika marafiki wa mtaani, katika walimu wa siku hizi. Yumkini ziko sababu huko. Lakini kila siku, mara tatu kwa siku, mvulana huyo amepata fundisho lililo wazi juu ya nani adaiwaye na nani adaiye, nalo limetoka kwa baba na mama, mezani, bila neno kusemwa. Na yule msichana naye ana fundisho lake. Amejifunza wajibu mpaka umemjaa, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana haki. Nyumba moja imegawa vitu viwili ambavyo havikupasa kugawanywa, ikampa mmoja haki zote na mwingine wajibu wote, kisha ikashangaa kwamba imepata vijana wawili walio nusu.

Mama mmoja atasema: mwanangu akijifulia, akajipigia pasi, akaosha vyombo vya jioni, msichana atabaki na kazi gani, nami namlipa? Atabaki na kazi aliyoajiriwa: kumtunza mtoto mchanga wakati mama yuko kazini, na kupika chakula cha mchana. Na ile saa moja ya jioni atakayoipata, ziko taasisi za elimu ya watu wazima zinazowapokea walioacha shule, na ada yake si kubwa kuliko ada ya masomo ya ziada ya mvulana. Kumfulia kijana wa miaka kumi na sita hakukuwamo katika mapatano.